Jedwali la Tomislav

Tomislav ametuletea jedwali.
Safu nne, rangi tatu; kijani ndiyo nzuri.
Amelibandika kwenye friji hapa Henderson,
juu ya bili ya maji na picha ya mjukuu asiye na meno.
"Mama, chagueni kabla ya Ijumaa.
Pointi zikipitwa na muda, basi tena."

Pointi hizo ni miaka kumi na mmoja
ya kununua mbolea kwa kadi,
nyaya za mizabibu kwa kadi,
hata jeneza la mama mkwe, Mungu anisamehe, kwa kadi.
Sasa zimeiva zote kwa mpigo,
na wiki ya kuzivuna ni hii moja.

Ndege ya kwanza hupitia Doha.
Saa kumi na saba bila kugusa ardhi.
Kiti chake ni chumba: kina mlango wa kuteleza,
kina taa yake, kioo chake, slipa zake.
Ukifunga umefunga, hata mhudumu hubisha hodi.
Kijani kibichi.

Ya pili hupitia Singapuri.
Kiti hulala bapa kama meza ya kukandia mkate,
ila miguu huingizwa kwenye tundu,
na Ante ana miguu ya korongo
na kidole gumba kilichokanyagwa na trekta.
Njano.

Ya tatu huenda kinyume, kupitia Amerika.
Waondoka Jumanne usiku, watua Jumanne mchana.
Chakula chao kinasifiwa sana,
lakini Jumanne zangu nimeziishi mara moja moja,
sioni haja ya kuzirudia.
Njano tena.

Ya nne ni kuukuu, na ndiyo nyekundu.
Viti viwili viwili, bega kwa bega.
Ukikilaza hakilali, huinama kama ubao wa kuteremshia mapipa;
usiku kucha unaserereka kidogo kidogo kuelekea miguuni.
"Faragha: hakuna," Tomislav kaandika,
kisha akapiga mstari chini yake.

Ante hulitazama jedwali kila akichukua maziwa.
"Hiyo yenye mlango," asema.
"Hatimaye nitakoroma kama mtu huru."
Anacheka. Nami nacheka, nikikausha sahani ileile mara mbili.
Miluzi mingi humpoteza mbwa,
lakini mimi sikupotea. Nilikuwa nangoja usiku.

Juni, katikati ya baridi, walimpasua kifua
wakamwekea moyoni mlango mdogo wa kiwandani.
Hufunguka na kujifunga, tik, tik,
kama saa ya mkononi iliyosahauliwa chini ya mto.
Wiki ya kwanza nilitaka kuhamia chumba cha wageni.
Sasa usingizi haunichukui mpaka niisikie.
Hajui. Hudhani naamka kwa ajili ya msala.

Angani hakuna kusikia kitu, najua.
Injini humeza kila sauti.
Lakini mkono hausikii kwa masikio.
Mkono ukipata kifua, unahesabu.
Na ule mlango wa kuteleza, wa kijani kibichi,
mkono wangu ungeupitia wapi?

Alhamisi nikampigia Tomislav.
"Nyekundu," nikasema.
Kimya. Kisha: "Mama, umeisoma vizuri?"
"Nimeisoma."
"Mgongo wa baba je?"
"Mgongo wa baba yako umebeba mapipa, utabeba na hili."
"Sababu ni nini, lakini?"
Nikamwambia napenda vitu vya zamani.
Akashusha pumzi ndefu, nikasikia vidole vyake vikibofya
namba za pasipoti zetu, moja baada ya nyingine.

"Nani dirishani, nani kwenye ujia?"
Dirisha mpe yeye. Miaka arobaini na sita hajaiona Podgora,
aanze kuitafuta tangu mawinguni.
Ila tafuta dirisha la upande wa kulia, mwanangu,
ili mimi niwe kushotoni kwake.
"Kuna tofauti gani?"
Ipo.
Wewe andika tu.